Mama Mwinuko, Kitabu cha Kijani na Kosa la Ukurasa wa 212

Mwaka wa kwanza umetimia leo, Mama Mwinuko, tangu ulipotutoka saa nne asubuhi, dirisha la wodi likiwa wazi kwa amri yako. Tulitaka kuandika mistari mitatu gazetini na kuweka picha yako ile ya gauni la bluu, kama familia nyingine zinavyofanya. Mumeo alishaichagua na kuifuta vumbi. Lakini ulituachia kazi, kazi haijaisha, na mwezi ujao itakuwa imechelewa. Utuwie radhi, na wanaosoma watuwie radhi. Tutakukumbuka kwanza, kisha tutasema la kusema.

Hukuwa mtu wa kukaa. Ulivaa mabuti chini ya gauni hata kwenye harusi ya binti yako, na mashangazi walipokukata jicho ukawaambia ukumbi umejengwa bondeni na wingu liko juu. Wao walirudi nyumbani na viatu mkononi, wewe ukarudi na vyako miguuni, na hukuwacheka mbele yao. Jina la Mama Mwinuko ulipewa na wanafunzi wako wa chuo. Mtu akikwambia amehamia nyumba mpya, hukuuliza ina vyumba vingapi. Uliuliza iko mwinuko gani, na maji yakija yanapita wapi. Watu walidhani ni utani.

Wanafunzi wako bado wanatusimulia wiki yao ya kwanza. Uliwapa karatasi tupu, ukawaambia wachore njia wanayopita kila siku kutoka wanakolala hadi darasani, bila kutoka nje. Halafu ukawatoa na karatasi hizo na kalamu nyekundu, waitembee njia hiyo na kutia alama kila walipodanganya. Mmoja alisahau daraja zima. Mwingine alichora ukuta uliobomolewa alipokuwa mtoto. Walipokuja wamenywea, uliwaambia huo ndio mwanzo wa somo: mtu huchora anachokiamini na kuacha alichokichoka.

Nyumbani, juu ya meza yako, kulikuwa na rafu ya vitabu vikongwe vya somo lako, vinene kama matofali. Mdogo wako, mwashi aliyeacha shule darasa la sita, alikutania kwamba akipata kumi na viwili vya namna hiyo atamaliza ukuta wa choo. Uliviheshimu na kuvigombeza kwa pamoja, kama mtu anavyowagombeza wazee wa ukoo. Kimoja, ulimwambia, kiliwafundisha watu wa nchi nyingi kwamba joto huwafanya watu wavivu. Aliyekiandika hakuwahi kumwona yeye akijenga ukuta saa saba mchana. Kingine kiliigawa miji kama sega la nyuki, kila eneo na pembe zake sita, safi kabisa, ila watu hawakukisoma kabla ya kujenga. Na kimoja kilichora safu ya milima ambayo haikuwepo. Wachoraji wengine wakainakili karibu miaka mia, mpaka mtu akaenda kwa miguu akakuta hakuna cha kupanda.

Mdogo wako alikuuliza kwa nini basi unavitunza. Ulimjibu kwamba vitabu hivyo ndivyo vilivyowafanya watu waende kuangalia.

Na aliyekuuliza jiografia ni nini hasa, maana mawe yana wataalamu wake, watu wana wao na hewa ina wao, ulimwambia jiografia ndiyo inayouliza kwa nini watu hawa wako juu ya mawe haya, chini ya hewa hii, na nani aliwaambia wakae hapo. Hilo la nani aliwaambia ndilo lililokuja kutukuta.

Kitabu chako, ambacho kila mtu hukiita cha kijani kwa rangi ya jalada, kilikuchukua miaka tisa. Kabla yake watoto wetu walijua kutaja mito ya mbali wasiyoiona hata ndotoni, wakashindwa kusema mfereji wa nyuma ya shule unaelekea wapi. Wewe ukasema utaandika nchi tunayoikanyaga, na utaikanyaga kwanza. Uliondoka alfajiri na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mumeo, fundi saa, alisema ameoa miguu miwili iliyobeba mwanamke. Kitabu kilipotoka, shule zote zikakichukua, halmashauri ikakichukua, wapimaji wa viwanja wakakichukua. Watu wakibishana kuhusu kilima au kijito, mmoja alisema, "Fungua cha kijani," na ubishi ukaisha. Mama yetu, aliyekuzaa, hasomi, lakini alijua ukurasa wenye picha yako na alikuwa akiwafungulia wageni kabla hawajaulizwa wanakunywa nini.

Mdogo wako alijivuna kuliko sisi sote. Kazini, wenzake walimchoka. Kwa hiyo halmashauri ilipotafuta mahali pa kujenga shule mpya, ikafungua cha kijani, ukurasa wa 212, ikakuta uwanda mkavu chini ya ukingo wa vilima, yeye alikuwa wa kwanza kuomba kazi ya msingi. Alisema anakwenda kujenga juu ya maneno ya dada yake.

Siku ya tatu ya kuchimba, kimo cha kiuno na zaidi kidogo, sururu yake iligonga kitu kikalia. Akainama akatoa jiwe la mviringo, laini kama yai. Akatoa la pili. Chini yake palikuwa na mchanga msafi, wa aina ambayo waashi huuagiza kutoka mtoni na kuusubiri wiki nzima. Mdogo wako hajui mengi ya vitabuni, lakini anajua mchanga unakotoka. Aliwaambia wenzake waache sururu chini, akatia mawe matatu kwenye mfuko wa ovaroli, akaja chuoni kwa miguu.

Ulikuwa unasahihisha mitihani. Ulimtazama miguu kwanza, kama kawaida yako.

"Fundi, umeniletea matope ofisini."

"Nimekuletea mto, Dada."

Akayapanga mawe juu ya mitihani. Ukayatazama, ukafungua kitabu, ukaweka kidole kwenye ramani. Ukasema pale ni uwanda mkavu.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Basi kaeni mzungumze, wewe na hayo mawe. Jiwe halijasoma kitabu chako."

Hapo ndipo ulipomwambia neno ambalo hukuwahi kumwambia tangu utoto: kwani yeye amesoma nini, na aliishia darasa la ngapi. Aliondoka, mawe akayaacha. Tunaliandika hapa kwa sababu wewe mwenyewe ulitusimulia baadaye, mbele yake, bila kujitetea, na yeye akakukatiza akisema lilikuwa darasa la sita, na kama ni aibu basi ni yake.

Siku kumi na mbili hamkusemezana. Mama aliuliza kuna nini, akaambiwa ni kazi tu.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, mdogo wako alikuwa ndani ya mtaro wa msingi, amerudishwa kazini na mkandarasi kwa vitisho, alipoona mabuti yako ukingoni. Hukumsalimu. Ulishuka, ukatoa kisu, ukaanza kukwangua ukuta wa mtaro polepole mpaka tabaka zikaonekana kama kurasa: udongo mweusi, mfinyanzi, mchanga, kisha mawe. Mawe yalikuwa yamelaliana upande mmoja, kama vitabu kwenye rafu iliyopunguzwa. Ulimwonyesha kwa ncha ya kisu kwamba maji ndiyo huyalaza hivyo. Kisha ukaketi kwenye matope na gauni lako la kazini.

Ulisema wiki ya mwisho ya kuandika kitabu ulikuwa umeteguka mguu. Ilikuwa imebaki kipande kidogo cha kutembea, nusu saa tu, na mhariri alikuwa anagonga mlango. Ukachukua ramani kongwe kutoka kwenye kitabu kimojawapo cha rafu yako. Kwenye kipande hicho mchoraji wa zamani hakuchora kitu. Aliacha pengo, labda hakufika, labda alichoka. Wewe ukalitia pengo lile vitone vya nchi kavu.

"Alisema hajui," ulisema. "Mimi nikaandika kwamba hakuna kitu."

Mdogo wako hakusema pole. Aliuliza kama maji yatarudi.

"Mkondo kama huu unaweza kulala miaka thelathini, arobaini, watu wakapanda na kujenga. Mvua kubwa ikikaa juu ya vilima siku tatu, unaamka."

"Lini?"

"Ningejua ningekuwa mganga."

Siku hiyo mdogo wako alikusanya mwiko, timazi na pimamaji yake akaondoka kwenye kazi ile. Mkandarasi akamwita mwashi anayeogopa kokoto, akaleta fundi mwingine. Na wewe alasiri ileile uliandika karatasi moja ya kusahihisha kosa, ukaitia sahihi.

Hukuipeleka.

Hapa ndipo penye uchungu, na hatutapaka sukari. Chuo kilikuwa kinataka kupunguza idara. Kamati ilikuwa ikae baada ya wiki sita kuamua kama jiografia ibaki na mlango wake au ikagawanywe, vipande kwa jiolojia, vipande kwa sosholojia, kama mali ya marehemu asiye na watoto. Utetezi wote wa idara ulisimama juu ya nguzo moja, kitabu cha kijani. Mkuu wa idara alikuja nyumbani kwako, akakataa kiti, akasema anakuomba wiki sita tu. Kamati ikimaliza, hata ukitaka kutangaza kosa kwa kipaza sauti atakushikia waya. Walimu kumi na mmoja walikuwa kwenye idara ile, na binti yako mmoja wao, mhadhiri msaidizi wa mkataba.

Ukasema utangoja.

Kila Jumamosi mdogo wako alikuja kwako. Alikunywa chai yake, akaongea na shemeji yake habari za saa, akisimama kuondoka aliuliza kitu kimoja.

"Umepeleka?"

"Bado."

Jumamosi ya tatu alikwambia wamefika kwenye linta, juu ya madirisha. Mumeo akajaribu kupoza, akasema wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdogo wako akajibu kwamba wahenga hao hawakuwa waashi. Ufa unaotoka kwenye msingi ukiuziba kwa plasta unakuwa umeuficha tu, na anayeuficha ndiye anayemuua mwenye nyumba. Kisha akageuka kwako.

"Dada, mimi nimeacha mkate wangu pale. Wewe unaogopa kuacha nini?"

Binti yako alimwambia mjomba wake akome, mama yake anaumwa. Na kweli, ulikuwa umeanza kuvimba miguu, miguu ile. Wiki ya nne ulianguka kwenye ngazi za idara, figo zikiwa zimechoka zamani bila kukwambia, ukalazwa.

Siku ya arobaini na moja tangu ulipoketi mtaroni, kamati ikiwa inakaa kesho yake, uliitisha karatasi yako. Uliiandika upya kwa mkono wako, nakala tatu: ya kamati, ya mchapishaji, ya halmashauri. Ukamwita mdogo wako, siyo binti yako. Ulisema hutamtia mtoto kisu mkononi akakate tawi alilokalia. Ukamwambia mdogo wako aisome kwa sauti, ndani ya kikao, asimkabidhi mtu mlangoni.

Alivaa shati lake la mazishi, halina doa la saruji. Mkuu wa idara alimkuta kwenye korido, akamnyooshea mkono taratibu, akasema, "Fundi, nipe nikuingizie." Mdogo wako akasema ametumwa kuisoma, na aliyemtuma yuko kitandani, kwa hiyo hawezi kurudi kuuliza. Akaingia. Binti yako alikuwa nyuma ya chumba anaandika muhtasari. Alipomwona mjomba wake, kalamu ilisimama.

Alisoma na kidole kwenye mstari, kama alivyojifunza. Palipokuwa na neno refu alilipumzisha katikati. Alisoma kwamba mwandishi wa kitabu hiki hakukitembea kipande cha ukurasa wa 212, kwamba aligeuza pengo la ramani ya zamani kuwa nchi kavu, kwamba pale pana mkondo wa mto na shule isijengwe. Mjumbe mmoja alimuuliza yeye ni mtaalamu wa nini.

"Wa kuchimba."

Wakacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Mwenyekiti akasema, "Tumeipokea, itafanyiwa kazi." Mdogo wako akauliza kazi gani, na lini. Mwenyekiti akarudia kwamba wameipokea.

Alikuja moja kwa moja wodini. Ulimuuliza wamesemaje, akakwambia wamepokea. Ulicheka, na ndicho kicheko chako cha mwisho tulichokisikia.

"Kabati ndilo limepokea," ulisema. "Fuatilia."

Ulikufa siku ya kumi baada ya hapo.

Amefuatilia, Mama Mwinuko. Idara ilinusurika, kwenye barua ya uamuzi wameandika kwamba ni kwa heshima ya kitabu chako. Mkuu wa idara alilia kaburini kwako machozi ya kweli, na hatuna chuki naye. Alikuwa anaokoa nyumba yake. Mchapishaji alimjibu mdogo wako vizuri, akasema suala litatazamwa kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo limetoka, la kumbukumbu yako, lina picha yako jaladani. Mdogo wako alilifungua akiwa amesimama palepale dukani. Ukurasa wa 212 uko vilevile, na vitone vyake.

Halmashauri amekwenda mara tano. Ofisa wa ujenzi si mtu mbaya. Alimpa kiti, akasoma barua yako yote, kisha akafungua cha kijani.

"Mzee, mwandishi mwenyewe anasema uwanda mkavu."

"Mwandishi mwenyewe ni dada yangu, na hiyo uliyoshika ni barua yake."

"Kitabu kimeidhinishwa. Hii haina hata muhuri."

Mdogo wako alituambia jioni ile kwamba katika maisha yako ulimshinda kila mtu kwa ubishi, na sasa umebishana na wewe mwenyewe ukashindwa. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mvua za mwaka huu zilikuwa haba. Shule imesimama kavu, imepakwa rangi ya maziwa, na fundi aliyeimalizia akikutana na mdogo wako humuuliza mto wake umekwama wapi. Mwezi ujao inafunguliwa.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita tulikaa sebuleni kwako kuzungumza tangazo hili. Mdogo wako alisema kosa liandikwe hapa, mahali ambapo hapahitaji muhuri wa mtu. Binti yako akasimama. Alisema kurasa mia tatu na sitini ulizozitembea kwa miguu zitaitwa takataka kwa ajili ya nusu saa. Alisema kamati itarudi, na safari hii haitakuwa na kitabu cha kuheshimu. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, hilo hakulisema, lakini wote tulilijua.

"Mjomba," alisema, "unamzika mara ya pili."

"Mara ya kwanza tulimzika na kuinyamazia barua yake," mdogo wako akasema. "Hiyo ndiyo dhambi yangu. Ningeisoma kaburini."

Mumeo alimwambia ashushe sauti. Akasema hataishusha, ameishusha mwaka mzima kwenye ofisi za watu. Wakatazamana, mjomba na mpwa, na tuliogopa litasemwa neno lisilorudi.

Mama yetu, ambaye alikuwa amekaa pembeni na kitabu chako mapajani, aliuliza watoto watakaoingia shule ile ni wangapi. Binti yako ndiye aliyejibu, kwa sababu anajua. Mia nne na thelathini.

"Haya," Mama akasema. "Na kuna njia ya kujua bila kugombana?"

Binti yako alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Siku nne hakupokea simu ya mtu. Mdogo wako alianza kuandika tangazo peke yake, akafuta, akaandika, akamwambia mkewe kwamba kujenga ghorofa ni kazi nyepesi kuliko hii. Aliogopa kwamba amempoteza mtoto wa dada yake kwa ajili ya mto usioonekana.

Siku ya tano, saa kumi alasiri, binti yako aliingia uani kwake na matope mpaka magotini. Mgongoni alikuwa na bomba la karatasi. Nyuma yake alikuwa baba yake, fundi saa, amevaa mabuti yasiyo yake na anachechemea. Alikuwa amefunga duka siku nne kumshikia ncha ya kamba ya kupimia.

Hakuna aliyesalimia. Binti yako alikunjua karatasi juu ya benchi la mjomba wake, akaikandamiza kwa patasi na nyundo.

"Nimeutembea kutoka vilimani mpaka barabarani," alisema. "Nimechimba mashimo tisa. Upana wake ni hatua themanini na sita." Akaweka kidole. "Shule iko hapa, katikati."

Mdogo wako aliinama juu ya ramani muda mrefu. Alitafuta kosa, kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha. Aliuliza kuhusu shimo la sita, kwa nini mchanga wake uko chini zaidi. Binti yako akaeleza kwamba hapo ndipo kina kikubwa cha mkondo kilipokuwa. Akauliza kuhusu la nane, akaelezwa. Hakuwa na la tatu.

Binti yako akamwomba kalamu aandike jina lake. Alisema kabla ya kuja ameipeleka nakala kwa mkuu wa idara, mkononi, na kumwambia jina litakaloandikwa chini ya ramani hii ni lake na si la mtu aliyekufa, kwa hiyo safari hii kuna wa kumuuliza.

"Alisemaje?" mdogo wako akauliza.

"Aliuliza nimetumia skeli gani. Halafu akaniuliza kama anaweza kuja kuyaona mashimo."

Amekuja juzi, Mama Mwinuko. Alishuka kwenye shimo la sita na suruali yake ya ofisini, akakaa humo, na alipotoka hakutazama mtu. Ameahidi kuandika kwa halmashauri kwa jina la idara. Barua hiyo hatujaiona. Ndiyo maana hatungoji.

Kwa hiyo tunasema sisi familia, kwa wazazi wote wenye watoto walioandikishwa kwenye shule mpya ya uwandani, na kwa kila mwenye kitabu cha kijani nyumbani: shika kalamu, fungua ukurasa wa 212. Vitone vya chini ya ukingo wa vilima si kweli. Pale ni njia ya mto. Mwandishi aligundua kosa lake akiwa hai, akalinyamazia siku arobaini na moja, kisha akalisema mwenyewe. Ramani iliyochapishwa chini ya maneno haya ndiyo sahihi, na mashimo yote tisa tumeyaacha wazi, tumeyazungushia kamba. Usituamini sisi. Nenda ukaangalie kabla hujampeleka mtoto.

Kurasa nyingine zote alizitembea.

Wanaokukumbuka ni mama yako, anayekusalimia kila asubuhi kabla hajatusalimia sisi, mumeo, binti yako mchoraji wa ramani hii na mumewe, mdogo wako mwashi na mkewe, wapwa zako, na wanafunzi wako wasiohesabika.

Hatutakusahau maisha yetu yote, wewe pamoja na kosa lako.